Waangalieni Ndege wa Angani: Mwongozo Kamili wa Kutazama Ndege Uani Kwako na Kutiwa Moyo Katika Imani

Mathayo 6:26 niliijua kwa moyo tangu shule ya Jumapili. Niliikariri mbele ya usharika, na nikaja kuiandika kwenye kadi za pole. Lakini kuitii, sikuwahi kuitii hata siku moja. Bwana Yesu hakusema "kumbukeni ndege". Alisema, "Waangalieni ndege wa angani." Hilo ni agizo, na linatekelezwa kwa macho.

Mimi nililitii kwa kulazimika. Mama alipopata kiharusi tulimhamishia chumba cha nyuma, kitanda tukakisogeza dirishani apate hewa. Kutoka pale kinaonekana kipande cha ua wetu hapa Morogoro: mpapai mmoja, mwarobaini, kamba ya nguo na karo la kuoshea vyombo. Maneno yalikuwa yamempotea. Kila asubuhi nikimaliza kumfuta uso alinyoosha kidole cha mkono wa kushoto, ule uliobaki na nguvu, kuelekea nje. Nilidhani anataka dirisha lifungwe. Siku ya tatu ndipo nilipoinama hadi usawa wa macho yake na kutazama anakoonyesha. Mnana dume, manjano tupu na uso mweusi, alikuwa amening'inia kwenye kitawi cha mwarobaini akifunga fundo la kwanza la kiota.

Haya ninayoyaandika nimejifunza kwenye dirisha lile. Mengi hayahitaji fedha.

Hatua ya kwanza: kiti kile kile, saa ile ile

Chagua mahali pamoja uani na uweke kiti. Kibarazani panafaa, mlango wa jikoni unafaa, hata dirisha la ghorofa ya tatu lenye mti mbele yake linafaa. Kaa hapo kila siku saa ile ile. Ndege wana shughuli nyingi tangu jua linapochomoza, yaani kama saa kumi na mbili na nusu, hadi saa mbili asubuhi. Huchangamka tena kuanzia saa kumi jioni. Mchana wa jua kali hata wao wanajificha kivulini.

Nusu saa inatosha. Simu iache ndani, hasa mwezi wa kwanza. Dakika kumi za mwanzo utaona kama hakuna kitu, kwa sababu ndege wamekuona unakuja na wamenyamaza. Wengi huinuka hapo na kusema, "Kwetu hakuna ndege." Vumilia. Ukishatulia, shomoro atashuka kwanza, yeye amezoea watu. Baadaye watafuata wengine.

Usivae nyeupe wala nyekundu kali, na usinyooshe mkono ghafla. Usiwakazie macho huku ukiwasogelea, maana kwa ndege hiyo ni tabia ya paka.

Na maombi? Kwa nusu saa hii usiombe kwa maneno mengi. Sema tu, "Bwana, umeniambia niangalie, nimekuja," kisha uangalie. Tumezoea kufika mbele za Mungu na orodha ndefu ya mahitaji. Kukaa kimya ni kazi ngumu, na ndege wanatufundisha kwa sababu ukiongea wanaruka.

Hatua ya pili: maji kwanza, chakula baadaye

Ukiwa na uwezo wa kuweka kitu kimoja tu, weka maji. Wapo ndege wasiogusa nafaka, lakini karibu wote wanaofika uani hunywa na kuoga. Kiangazi cha Agosti hadi Oktoba sahani ya maji itakuletea wageni kuliko gunia la mtama.

Tumia sahani ya udongo ya kuwekea chungu cha maua, au sinia kuukuu. Kina kisizidi vidole vitatu, na katikati weka jiwe linalochomoza ili mdogo apate pa kusimama. Iweke juu ya kisiki au matofali, mita mbili hivi kutoka kwenye kichaka. Ikiwa karibu zaidi paka atajificha humo. Ikiwa mbali sana ndege hatakuwa na pa kukimbilia.

Badilisha maji kila siku na usugue sahani kwa brashi. Mbu anayeeneza homa ya dengue hutaga kwenye maji kama hayo, na yai kuwa mbu huchukua kama wiki moja. Ukimwaga kila siku hana nafasi.

Chakula kiwe kidogo: konzi moja ya mtama, ulezi au chenga za mchele kwa asubuhi. Kipande cha papai bivu au ndizi kilichochomekwa kwenye msumari kitamwita shore, yule wa kahawia mwenye kichwa cheusi na manjano chini ya mkia. Pasa nao watakuja kundi zima, na mikia yao mirefu kama njiti. Usiweke mkate wenye ukungu, vyakula vya chumvi wala ugali uliochacha. Ukifuga kuku, sehemu ya ndege wa porini iwe mbali na mahali wanapokula kuku wako, kwa sababu kideri na magonjwa mengine yanaweza kupita kwenye chakula na maji ya pamoja. Nawa mikono kwa sabuni kila ukimaliza.

Hapa tafakari ya kwanza itakujia yenyewe. Mungu huwalisha ndege, lakini hakuna aliyeletewa chakula kiotani na malaika. Chozi, ndege mdogo mwenye mdomo uliopinda, nilimhesabu akitembelea maua zaidi ya arobaini ya mshubiri wa jirani kabla sijamaliza chai. Anafanya kazi kuliko mimi. Asichofanya ni kukesha usiku akipiga hesabu za kesho. Ndivyo Bwana anavyoendelea kwenye mstari wa 27: "Ni yupi kwenu ambaye akijisumbua aweza kujiongeza kimo chake hata mkono mmoja?" Kinachokemewa pale ni kujisumbua, si kufanya kazi.

Hatua ya tatu: acha kona moja isiwe safi

Tumefundishwa kuwa ua mzuri ni ule uliofagiwa mpaka udongo ukang'aa. Fagia, lakini acha kona moja nyasi ziote na kutoa mbegu. Shomoro na wale ndege wadogo wa buluu watakuja wenyewe. Mshubiri na mihaibiskasi huvuta chozi. Mwarobaini una faida mara mbili: shore hula matunda yake, na mnana hujenga kwenye matawi. Usipulize dawa ya wadudu ovyo, maana hata wengi wa ndege wanaokula mbegu huwalisha makinda yao wadudu.

Hatua ya nne: wajue saba kwa majina

Kenya na Tanzania kila moja ina aina zaidi ya 1,000 za ndege. Usiogope. Uani kwako anza na saba, na kwa wengi wetu watakuwa hawa: shomoro, tetere, mnana, shore, chozi, kunguru na mwewe anayezunguka juu. Ukiwajua hao vizuri, wa nane atajitambulisha mwenyewe kwa kuwa tofauti.

Ukimwona usiyemjua, usikimbilie kutafuta jina. Jibu maswali manne kwanza: ni mkubwa au mdogo kuliko shomoro? Mdomo wake ni mnene, mwembamba au umepinda? Anatembea au anarukaruka? Yuko chini, katikati ya mti au juu kileleni? Kisha waulize wazee. Wana majina kwa lugha zetu za nyumbani, na wanajua nani huimba lini. Tipitipi, anayeitwa pia dudumizi, wengi wanamfahamu kwa sauti tu, kama maji yanayomiminwa kutoka kwenye chupa yenye shingo nyembamba. Bibi yangu akimsikia alikuwa anaanua nguo.

Kwa mwenye simu janja, programu ya kutambua ndege iitwayo Merlin, ya Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, ni ya bure, na ukishapakua kifurushi cha eneo lako inafanya kazi bila bando. Darubini si lazima. Ukipata ya mtumba, tafuta iliyoandikwa 8x42: nane ni mara inazokuza, 42 ni upana wa kioo cha mbele kwa milimita. Inayokuza mara ishirini itakutetemekea mkononi.

Mwenye kutaka kwenda mbali zaidi, wapo Wakristo walioifanya kazi hii kuwa wito. Shirika la A Rocha lilianzia Ureno mwaka 1983, na Kenya wana kituo cha Mwamba, Watamu, karibu na msitu wa Arabuko-Sokoke, ambako utafiti wa ndege unakwenda pamoja na ushuhuda wa imani.

Hatua ya tano: daftari, kisha Neno

Nunua daftari la kawaida la shule. Kila asubuhi andika tarehe, saa, hali ya hewa, ndege gani na alifanya nini. Neno muhimu ni "alifanya". Usiandike "mnana" peke yake. Andika "mnana dume amechana ukanda wa jani la mnazi, ameupitisha chini, ameuvuta kwa mdomo." Mstari wa mwisho uwe sala ya sentensi moja.

Ukishaandika ndipo ufungue Biblia. Utaratibu huu nauweka kwa makusudi: ndege kwanza, Neno baadaye. Ukianza na mstari utaona ulichokwisha kukisikia kwenye mahubiri. Ukianza na ndege, mstari unafunguka mahali usipotegemea.

Mfano. Kwa siku tisa mimi na mama tulimfuatilia yule mnana. Alifunga fundo, akatengeneza pete ya kusimamia, akasuka chumba, akaweka mlango chini. Kisha akaning'inia mlangoni akipiga mbawa na kupiga kelele kumwita jike. Jike akaja, akaingia, akachungulia, akaondoka. Majani yalipoanza kukauka na kupoteza ukijani, dume akakifumua kiota chote, ukanda kwa ukanda, akaanza upya kwenye kitawi kile kile. Sikuwahi kusikia mahubiri juu ya jambo hilo. Wakati ule nilikuwa nimefunga duka langu la vitambaa kwa kukosa mtaji, na ndani ya kifua nilikuwa nimejihukumu kuwa nimeshindwa maisha. Asubuhi ile niliandika: "Bwana, amefumua. Hakulia. Ameanza fundo la kwanza." Nilikaa na mistari hiyo wiki nzima.

Mfano mwingine ni wa hesabu. Mathayo 10:29 inasema mashomoro wawili huuzwa kwa senti moja. Luka 12:6 inasema watano kwa senti mbili. Kwa bei ya Mathayo, senti mbili ni mashomoro wanne. Huyo wa tano ametoka wapi? Kila aliyewahi kununua nyanya sokoni anajua: huyo ni wa nyongeza. Hakuwekewa hata bei. Na ni hapo hapo Luka anaposema hata mmoja wao hasahauliwi mbele za Mungu. Niliisoma siku ambayo shomoro watano walikuwa wanaoga kwenye sahani yetu, nikajaribu kusema ni yupi wa nyongeza. Nilishindwa. Kama umewahi kujiona wa nyongeza katika ukoo, kazini au kanisani, kaa na mashomoro kabla ya kusoma sura hiyo.

Visomo vingine vya kuanzia: Zaburi 84:3 kwa mwenye kiota cha mbayuwayu kibarazani ("Na mbayuwayu amejipatia kioto, Alipoweka makinda yake"), 1 Wafalme 17:2-6 kwa aliyeishiwa, Zaburi 102:7 kwa asiyepata usingizi, na Ayubu 12:7 kwa mwalimu wa shule ya Jumapili.

Kiota hicho cha mbayuwayu, nakuomba usikibomoe. Kimejengwa kwa mamia ya vidonge vya tope, kimoja kimoja kwa mdomo. Kinyesi kikikukera, pigilia ubao mdogo chini yake, nusu mita hivi, uukung'ute kila Jumamosi.

Kunguru, kwelea na bundi

Mpendwa, usichague ndege wazuri tu. Bwana alipotaka mfano, kwenye Luka 12:24 alisema, "Watafakarini kunguru." Kwa Torati kunguru ni najisi, ametajwa Walawi 11:15. Wasikilizaji wake walijua hilo. Mungu anamlisha hata asiyeruhusiwa mezani.

Wa Dar es Salaam na Zanzibar watanipinga, na wana haki. Kunguru wale wa shingo ya kijivu waliletwa Zanzibar kutoka India miaka ya 1890 ili wale takataka, wakaongezeka, na leo wanapora mayai na makinda ya ndege wa asili. Kuwapunguza kwa njia halali si dhambi. Kosa lilikuwa la watu waliowaleta mahali pasipo pao. Vivyo hivyo mkulima wa mpunga anayeamka alfajiri kufukuza kwelea kwelea: akisikia "Baba yenu wa mbinguni huwalisha", anajua wamelishwa kutoka kwenye jaruba lake. Simwambii atabasamu. Afukuze ndege, na amwambie Mungu uchungu wake wote, kama Ayubu alivyofanya.

Bundi ndiye anayenisikitisha zaidi. Akitua juu ya bati, wengi wetu, na Biblia tukiwa nazo kabatini, tunashika mawe. Lugha yetu yenyewe inasema "ndege mbaya" na "ndege njema" kwa maana ya bahati. Lakini Kumbukumbu la Torati 18 linakataza kubashiri, na bundi juu ya paa anatafuta panya. Kabla ya kumpiga, hesabu magunia yako ya mahindi. Na onyo hili linatuhusu hata sisi tunaopenda ndege: usimgeuze ndege kuwa ishara. Njiwa akitua dirishani siku ya usaili wa kazi, mshukuru Mungu kwa njiwa. Usimsomee majibu ya usaili.

Siku ndege anapoanguka

Siku hiyo itafika, na mwongozo usioitaja ungekudanganya. Masika yaliyofuata, mvua ya usiku ikiwa na upepo iliangusha viota viwili. Asubuhi nilikuta makinda matatu chini ya mwarobaini, ngozi bado ya waridi, macho hayajafunguka. Mmoja alikuwa anapumua. Nilimrudisha kwenye kiota kilichobaki juu. Hadi saa nne naye alikuwa amekufa.

Kwanza ya vitendo. Kinda asiye na manyoya mrudishe kiotani ukikiona. Si kweli kwamba mama yake atamkataa kwa harufu ya mikono yako. Kinda mwenye manyoya anayerukaruka chini hajapotea, anajifunza kuruka. Mweke kwenye tawi, mfungie paka ndani, uondoke, wazazi wako karibu. Usijaribu kumlea kwa maziwa au ugali.

Kisha ya moyo. Nilirudi kwenye Mathayo 10:29 nikiwa na hasira na nikaisoma polepole: "wala hata mmoja haanguki chini asipojua Baba yenu." Kwa miaka yote nilikuwa nimeisikia kana kwamba inasema shomoro haanguki. Haisemi hivyo. Inasema anaanguka, na Baba anajua. Bwana alisema maneno haya kwa wanafunzi aliokuwa anawatuma kama kondoo kati ya mbwa-mwitu, na hakuwaficha kwamba wangepigwa. Kisha akawaambia, "Msiogope basi, bora ninyi kuliko mashomoro wengi."

Mama alilala katika Bwana mwezi wa Mei mwaka huo. Nilichokuwa nacho kando ya kitanda ni mstari huo, na nilikuwa nimekwisha kuusoma juu ya makinda matatu. Sikuwa naukuta kwa mara ya kwanza.

Na watoto, na wagonjwa

Watoto wenye manati usianze kwa kuwafokea. Wape kazi: mmoja asugue sahani, mwingine atunze daftari. Kisha wasomee Kumbukumbu la Torati 22:6-7, ambako Mungu anaweka sheria juu ya mtu anayekuta kiota njiani na mama ameyalalia makinda. Watashangaa kuwa kiota kimeandikwa katika Torati, jirani na sheria za kujenga nyumba na kulima shamba. Mbayuwayu wageni kutoka Ulaya huanza kuonekana Septemba na kuondoka Machi au Aprili. Wape watoto kazi ya kuandika tarehe ya wa kwanza kila mwaka, halafu msome pamoja Yeremia 8:7.

Kwenye jumuiya, mkutane mara moja saa kumi na mbili na nusu asubuhi badala ya jioni. Dakika ishirini kimya, kisha kila mmoja aseme alichoona, bila mahubiri, ndipo lisomwe Neno.

Na kama nyumbani au jirani kuna mgonjwa wa muda mrefu, sogeza kitanda dirishani. Weka sahani ya maji mita tatu au nne kutoka dirishani, usawa wa macho ya aliyelala, si ya aliyesimama. Lala kwanza wewe mwenyewe uhakikishe inaonekana, kwa sababu mimi nilikosea na ikabidi niipandishe kwa matofali manne. Akianza kunyoosha kidole, inama utazame anakoonyesha. Biblia utaifungua baadaye.